Kukata rufaa Tanzania Bara: kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani

Aliyeshindwa kesi na kutaka kukata rufaa hupambana na kalenda kabla hajapambana na mpinzani wake. Siku zinaanza kuhesabiwa hukumu inaposomwa, na mahakama ya juu ikiona rufaa imeletwa nje ya muda haifiki hata kwenye swali la nani alisema kweli. Ndiyo maana maelezo haya yanazungumzia tarehe na karatasi kwa kirefu: huko ndiko watu wenye haki yao wanakoipoteza.

Yanayofuata yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi, ingawa Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, hupokea rufaa kutoka pande zote mbili za Muungano, isipokuwa mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar.

Kwanza hakikisha unachohitaji ni rufaa

Rufaa ni ombi kwa mahakama ya juu irekebishe kosa lililofanywa na mahakama ya chini. Si kila anayeumizwa na uamuzi anapaswa kuanzia hapo.

Kama kesi ilisikilizwa upande mmoja kwa sababu hukufika, njia ya kwanza ni kurudi mahakama ile ile iliyoamua na kuomba hukumu hiyo itenguliwe, ukieleza kwa nini hukuwepo. Wito haukukufikia, ulikuwa umelazwa, ulipewa tarehe tofauti: hayo yanajibiwa pale pale. Ukikimbilia rufaa, mahakama ya juu itakuuliza kwa nini hukupita njia hiyo kwanza.

Kama kosa ni la kalamu tu, mfano jina limekosewa au hesabu haijumlishwi sawa, mahakama iliyotoa hukumu ina uwezo wa kusahihisha yenyewe.

Kama kesi bado inaendelea na kilichokukera ni amri ndogo ya katikati, mfano hakimu amekataa kuahirisha au amepokea kielelezo ulichokipinga, kwa kawaida hakuna rufaa dhidi ya amri hiyo. Subiri kesi iishe, kisha uliingize jambo hilo kama mojawapo ya sababu za rufaa yako. Sheria imefunga mlango huo makusudi ili kesi moja isikatwe vipande kumi.

Aliyekiri kosa la jinai mwenyewe hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anachoweza kupinga ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Kuna mwanya mmoja muhimu: kukiri kusikoeleweka. Mshtakiwa akisema "ndiyo nilichukua, lakini ng'ombe alikuwa wangu", huko si kukiri. Hali kadhalika kama maelezo ya kosa yaliyosomwa hayakugusa kila kiungo cha kosa, au kama hakuelewa lugha iliyotumika.

Na migogoro ya kazi ina njia yake. Tuzo, yaani uamuzi, ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haikatiwi rufaa. Inapelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa ombi la kutaka ifutwe, ndani ya wiki sita tangu ulipopatiwa tuzo hiyo.

Ngazi na siku zake

Kila ngazi ina muda wake, na hauazimwi kutoka ngazi nyingine. Kosa la kawaida ni mtu kusikia jirani yake alipewa siku 45 katika kesi ya shamba, naye akazisubiri katika kesi ya deni iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo.

- Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30, kesi iwe ya madai au ya jinai.
- Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo: siku 30.
- Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri la madai lililoanzia hapo: siku 90 dhidi ya hukumu yenye tuzo (hapa tuzo ni hati ya amri za mwisho za hukumu).
- Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa kesi ya jinai iliyoanzia hapo: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa ndani ya siku 45.
- Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa mgogoro ulioanzia barazani hapo: siku 45.
- Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani: notisi ya rufaa ndani ya siku 30, kwa madai na jinai.

Mashauri ya ndoa yana kifungu chao ndani ya Sheria ya Ndoa, chenye siku 45. Kuhusu ardhi, kumbuka pia kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Migogoro mipya haitoki tena huko kama rufaa.

Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Hukumu ikisomwa tarehe 3 Machi, siku ya kwanza ni tarehe 4. Siku ya 30 ni tarehe 2 Aprili, ya 45 ni tarehe 17 Aprili, na ya 90 ni tarehe 1 Juni. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu ya kitaifa, unaruhusiwa kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Jumapili na sikukuu za katikati zinahesabiwa zote. Na usihesabu "mwezi mmoja" pale sheria iliposema siku 30, kwa maana miezi haina urefu sawa, na siku moja iliyozidi inatosha kuiangusha rufaa.

Wiki ya kwanza

Siku ya hukumu uwepo mahakamani mwenyewe, hata kama una wakili. Andika tarehe, jina la hakimu, namba ya shauri kama ilivyosomwa na amri za mwisho neno kwa neno: nani alipe nini, ndani ya muda gani, na gharama za kesi zimeangukia wapi.

Kesho yake, au siku hiyo hiyo, peleka masjalani barua ya kuomba nakala. Barua haihitaji ufundi. Iwe na jina lako na namba ya simu, namba ya shauri, majina ya wadaawa, tarehe ya hukumu, na orodha ya unachoomba: hukumu, tuzo ambayo mawakili wengi huiita dikrii, mwenendo wa shauri (kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), na vielelezo. Chukua nakala mbili. Moja inabaki masjalani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uende nayo nyumbani. Karatasi hiyo yenye muhuri ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukichelewa huko mbele, ndiyo ushahidi wako kwamba ulianza kufuatilia mapema.

Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, siku ambazo mahakama ilizitumia kuandaa nakala ulizoziomba hutolewa kwenye hesabu ya muda wako. Nakala zikifika, angalia tarehe ya kuombwa, tarehe ya kuwa tayari na tarehe uliyozichukua. Kama ziliwekwa tayari tarehe 10 nawe ukaenda tarehe 25, siku hizo 15 zinahesabiwa dhidi yako.

Katika shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, sheria hailazimishi kuambatisha nakala ya hukumu kwenye hati ya rufaa. Mahakama ya Rufani imelisema hilo waziwazi. Maana yake ni kwamba kusubiri nakala si kisingizio: siku 30 zinaendelea kukatika huku ukisubiri. Wengi hupotea hapa. Wanaambiwa masjalani "njoo wiki ijayo nakala itakuwa tayari", wanatii, na nakala inapotoka siku ya 34 rufaa imekwisha. Ukiwa umetoka Mahakama ya Mwanzo, andika sababu za rufaa kwa kutumia uliyoyasikia na kuyaandika, uwasilishe ndani ya siku 30 bila kujali nakala iko wapi.

Tuzo ikikufikia, isome kabla hujaondoka dirishani. Tarehe yake inatakiwa ilingane na tarehe hukumu iliposomwa, majina yawe yale yale, namba ya shauri iwe ile ile, na iwe imesainiwa. Rufaa nyingi za madai zimefutwa Mahakama Kuu kwa sababu tuzo ina tarehe iliyochapwa badala ya tarehe ya hukumu. Ukiona kosa, iombe mahakama kwa barua irekebishe siku hiyo hiyo.

Kuandika sababu za rufaa

Hati ya rufaa ina kichwa cha mahakama unayoiendea, namba na jina la mahakama iliyoamua, majina ya mrufani na mjibu rufaa, sababu zilizopewa namba kuanzia 1, maombi yako, tarehe na saini. Kila sababu ibebe jambo moja. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na kwa rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ni jambo la kawaida hati nzima kuwa ya Kiswahili.

Sababu ya rufaa inataja kosa la mahakama. Haisimulii upya kesi, wala haimshutumu hakimu kwa rushwa bila ushahidi. Tazama hizi mbili:

"Kwamba sikutendewa haki kwa kuwa mdai ni mwongo na kila mtu mtaani anajua."

"Kwamba Mahakama ya Mwanzo ilikosea kuamua kuwa mrufani alipokea mkopo wa Sh. 4,000,000 ilhali hati ya makubaliano haikuwahi kutolewa kama kielelezo, na shahidi pekee wa mdai alisema hakuwepo fedha zilipokabidhiwa."

Ya kwanza haimpi jaji pa kushika. Ya pili inamwambia afungue ukurasa gani na aangalie nini.

Sababu zenye nguvu hutoka kwenye mwenendo wa shauri, basi ukiupata usome kwa kalamu mkononi. Angalia kama kila shahidi aliapa au alithibitisha kabla ya kutoa ushahidi. Angalia kama ulipewa nafasi ya kuhoji kila shahidi na kuleta wa kwako. Katika jinai, angalia kama waraka uliopokelewa kuwa kielelezo ulisomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa. Usiposomwa, mahakama za juu huuondoa kwenye ushahidi, na kesi iliyosimama juu ya fomu ya daktari au maelezo ya onyo (yale ambayo mshtakiwa aliandikisha polisi) inaweza kuporomoka. Angalia kama hakimu alibadilika katikati na yule aliyepokea jalada hakuandika sababu za kulichukua. Angalia kama hati ya mashtaka inasema kosa lilitendeka tarehe moja na mashahidi wanataja nyingine. Angalia pia kama hukumu ina sababu, au imerukia tu hitimisho bila kupima ushahidi wa utetezi.

Hata hivyo usijaze ukurasa kwa kila kasoro unayoiona. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inakataza kutengua uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la utaratibu peke yake, kama kosa hilo halikusababisha haki kupotea. Sheria za mwenendo wa madai na wa jinai zina kifungu cha namna hiyo. Kwa hiyo kila kasoro ya utaratibu iunganishe na madhara: kwa sababu sikupewa nafasi ya kumhoji shahidi wa tatu, mahakama iliamini risiti ambayo ningeonyesha ni ya mwaka mwingine. Sababu tatu au nne zilizokaa sawa hubeba zaidi ya kumi na mbili zinazorudia jambo moja kwa maneno tofauti.

Maombi ya mwisho yaseme wazi unataka nini: uamuzi utenguliwe, au kiwango cha fidia kipunguzwe hadi kiasi fulani, au shauri lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine, na gharama. Mahakama haina wajibu wa kukupa usichokiomba.

Kuwasilisha, kulipa, kumfikishia mwenzako

Rufaa ya kwanza kutoka Mahakama ya Mwanzo inawasilishwa Mahakama ya Wilaya. Rufaa ya pili, ile inayokwenda Mahakama Kuu, sheria inataka hati iwasilishwe Mahakama ya Wilaya iliyoamua. Hiyo ndiyo hupeleka hati pamoja na majalada yote mawili juu. Kuiruka na kwenda moja kwa moja Mahakama Kuu kumewagharimu wengi.

Mahakama sasa zinatumia mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Asiye na kompyuta asaidiwe masjalani au kwa wakili, lakini abaki na nakala ya kila kilichopakiwa. Baada ya kupakia, mfumo hutoa namba ya malipo ya serikali, nayo inalipwa kwa simu au benki. Lipa siku hiyo hiyo. Mahakama kwa muda mrefu zimeshikilia kwamba hati huhesabika kuwa imewasilishwa ada inapolipwa, na mabishano juu ya tarehe ya kupakia na tarehe ya kulipa bado yanaletwa na wajibu rufaa kama pingamizi la awali. Ukipakia siku ya 29 na kulipa siku ya 32, umempa mwenzako silaha bure. Chapa risiti, uihifadhi na hati.

Mfungwa hafuati njia hiyo. Anakabidhi notisi na hati yake kwa mkuu wa gereza, ambaye ana wajibu wa kuzipeleka mahakamani. Ahakikishe tarehe ya kukabidhi inaandikwa.

Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba asamehewe ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua taasisi zilizosajiliwa na wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelekeza na kukusaidia kuandika, ila haruhusiwi kusimama mahakamani kukuwakilisha.

Rufaa haizuii dalali kuja

Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Wengi hulijua hili siku dalali wa mahakama anapobandika tangazo la mnada mlangoni. Aliyeshinda ana haki ya kuomba kukazia hukumu hata rufaa yako ikiwa imesajiliwa, mpaka mahakama iamuru vinginevyo.

Anayetaka kuzuia apeleke ombi la kusimamisha utekelezaji pamoja na hati ya kiapo. Kiapo kionyeshe mambo matatu: kwamba utapata hasara kubwa hukumu ikitekelezwa, kwamba hukuchelewa kuomba, na kwamba uko tayari kuweka dhamana ya kutimiza hukumu endapo utashindwa. Hasara ielezwe kwa vitu halisi. "Nitaumia sana" haitoshi. "Nyumba inayotaka kuuzwa ndiyo tunayoishi mimi na watoto wanne, na hakuna nyingine" ina uzito. Dhamana ndiyo wengi wanaikwepa, na ndiyo huangusha maombi mengi: taja hati ya nyumba, amana ya benki au mdhamini.

Ukiwa Mahakama ya Rufani, ombi hilo linatakiwa ndani ya siku 14 tangu ulipopewa taarifa ya utekelezaji, na liambatanishwe notisi ya rufaa, hukumu, tuzo na taarifa hiyo ya utekelezaji. Kikikosekana kimoja, ombi linafutwa.

Katika jinai, aliyefungwa anaweza kuomba dhamana akisubiri rufaa. Haitolewi kirahisi, kwa kuwa amekwisha kutiwa hatiani. Anahitaji kuonyesha kwamba rufaa ina dalili kubwa ya kushinda au kuna hali isiyo ya kawaida.

Siku ya kusikilizwa

Mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Hapa ndipo mahali pa kubishania ukweli wa mambo. Rufaa ya pili ni nyembamba zaidi: inasikiliza hoja za sheria, na mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya ukweli fulani, ya tatu haiugusi ila ikionekana walisoma ushahidi vibaya au waliacha jambo zito. Kwa hiyo nguvu zote za ushahidi ziweke kwenye rufaa ya kwanza. Jambo la ushahidi usilolisema hapo hutalisema juu.

Mashahidi hawaitwi tena. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, kwa ombi maalumu, na lazima uonyeshe haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii. Barua uliyoisahau nyumbani haihesabiki.

Mahakama inaweza kusikiliza kwa mdomo au kuagiza hoja za maandishi kwa tarehe zilizopangwa. Kutowasilisha hoja hizo kwa tarehe yake ni sawa na kutofika siku ya kusikilizwa. Na asiyefika rufaa yake hutupwa. Ana siku 30 za kuomba irejeshwe kwa sababu ya kuridhisha.

Mjibu rufaa huanza mara nyingi na pingamizi la awali: muda umepita, hati haijasainiwa, tuzo ina kasoro. Jiandae kulijibu kwa kalenda na risiti zako. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka mahakama zitangulize haki mbele ya ufundi, na hilo limeokoa rufaa zenye kasoro ndogo. Haliokoi rufaa iliyo nje ya muda wala iliyopelekwa mahakama isiyo na mamlaka.

Mrufani wa jinai ajue hatari moja kabla hajaingia: mahakama ya juu inaweza kuongeza adhabu, si kuipunguza tu. Kama adhabu uliyopewa iko chini ya kiwango cha lazima kisheria, rufaa yako ndiyo itakayolifichua hilo.

Ukiwa umechelewa

Usiwasilishe rufaa iliyochelewa ukitumaini hakuna atakayehesabu. Tanguliza ombi la kuongezewa muda, lenye hati ya kiapo, kwa mahakama yenye mamlaka. Kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, ombi liambatanishwe na hati ya rufaa unayokusudia au litaje sababu zake.

Mahakama hupima mambo manne: umeeleza kila siku ya kuchelewa, kuchelewa kwenyewe si kwa kupindukia, ulionyesha bidii badala ya uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, hasa uvunjaji wa sheria unaoonekana wazi kwenye uamuzi unaopingwa. Hilo la kila siku linachukuliwa kwa uzito wake kamili. Kama ulilazwa kutoka siku ya 12 hadi ya 27 na ombi umelileta siku ya 60, unadaiwa maelezo ya siku ya 28 hadi ya 60. Tengeneza jedwali: tarehe, ulikuwa wapi, ushahidi upi. Cheti cha hospitali, tiketi, barua yenye muhuri, kiapo cha karani uliyekuwa ukimfuatilia. Kutojua sheria si sababu. Uzembe wa wakili wako kwa kawaida nao si sababu.

Ni vyema kujua tofauti ya kufutwa na kutupwa. Rufaa iliyofutwa kwa kasoro ya nyaraka inaweza kurudi ikiwa imerekebishwa, kama muda bado upo au umeongezwa. Iliyotupwa kwa sababu ya muda imemalizwa hapo, na hutaiwasilisha upya kwa jina jingine.

Mahakama ya Rufani

Hapa ngazi inakuwa kali, na anayeweza kupata wakili ampate sasa kama hakuwa naye mwanzo.

Katika madai, siku 30 za kwanza zina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni notisi ya rufaa, inayowasilishwa masjala ya Mahakama Kuu na kumfikia mjibu rufaa ndani ya siku 14. Ya pili ni barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo. Barua hiyo nayo ni ndani ya siku 30, na nakala yake ampe mjibu rufaa. Asipopewa, mrufani anapoteza haki ya kutegemea cheti cha ucheleweshaji, kinachoelezwa hapa chini.

Rufaa yenyewe, yaani hati ya sababu, kumbukumbu za rufaa (nyaraka zote za shauri zikiwa zimekusanywa pamoja) na dhamana ya gharama, inatakiwa ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Nakala zikichelewa, Msajili hutoa cheti kinachotaja siku zilizotumika kuziandaa, na siku hizo hutolewa kwenye hesabu. Kisome cheti kwa makini: tarehe ya barua ikikosewa, cheti hakina kazi, na rufaa inakuwa nje ya muda. Na usikae kusubiri kuitwa. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2019 zinamtaka Msajili awe na nakala tayari ndani ya siku 90, na mrufani azichukue anapoarifiwa, au ndani ya siku 14 baada ya siku hizo 90 kwisha.

Tangu Desemba 2023 hakuna tena haja ya kuomba ruhusa ya Mahakama Kuu kukata rufaa ya madai. Lakini shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo bado linahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba lina hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa na Mahakama ya Rufani. Cheti kinaombwa ndani ya siku 30, na hoja iandikwe kama swali halisi la sheria. "Je, uamuzi ulikuwa sahihi?" si hoja. "Je, ni halali mirathi kugawanywa kabla ya msimamizi kuteuliwa?" ni hoja. Utakapofika juu utasikilizwa juu ya hoja iliyothibitishwa, basi usiipunguze bila kufikiri.

Ukikosa tarehe ya notisi, ombi la kuongezewa muda huanzia Mahakama Kuu. Likikataliwa, una siku 14 kulipeleka Mahakama ya Rufani kwa mara ya pili.

Uamuzi ukitoka

Majaji, watatu kwa kawaida Mahakama ya Rufani, wanaweza kuthibitisha uamuzi, kuurekebisha, kuutengua au kuamuru kesi isikilizwe upya. Katika jinai, kusikilizwa upya huamriwa pale kesi ya kwanza ilipoendeshwa kinyume cha sheria, na si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Ukipewa amri hiyo, chukua nakala zote za mwenendo wa zamani, utazihitaji.

Baada ya Mahakama ya Rufani hakuna ngazi nyingine ya ndani. Kilichobaki ni kuiomba ipitie uamuzi wake yenyewe ndani ya siku 60, kwa sababu chache mno: kosa lililo dhahiri usoni mwa hukumu, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu iliyo batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Kutokubaliana na hoja za majaji si mojawapo.

Kama umeshinda, chukua nakala ya hukumu ya rufaa na uirudishe mahakama iliyoanza kusikiliza shauri. Huko ndiko utekelezaji unakofanyika. Kama fedha zako zilikwisha kuchukuliwa wakati rufaa ikisubiri, omba hapo hapo amri ya kurejeshewa. Hairudi yenyewe.